Mwalimu Aliyehesabu Wanafunzi Wake: Utafiti wa Kitaaluma katika Vyuo vya Jamii na Funzo Lake kwa Taaluma ya Kiswahili



Ukumbi huu umezoea kuwapokea watafiti wa tenzi, wa lahaja, wa mofolojia na wa istilahi. Mimi nimekuja na mada inayoonekana kuwa ya kando: utafiti unaofanywa na walimu wa vyuo ambavyo kazi yake kuu ni kufundisha. Naomba mnistahimilie. Nitaanzia mbali, Marekani, kisha nitarejea nyumbani, na nataraji kwamba hadi tutakapoagana itakuwa bayana kwa nini nimeona mada hii inastahili jukwaa la Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tuanze na neno. Wazee wetu walipoiita taasisi yao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, walichagua neno la kila siku. Mpishi huuchunguza mchele kwenye ungo kabla ya kuutia chunguni. Mvuvi huuchunguza wavu wake kabla ya kutweka tanga. Mwaka 2009 TUKI iliungana na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa TATAKI, na neno uchunguzi likatoka katika jina. Kwa wakati huu neno tunalolitumia zaidi ni utafiti. Ni neno zuri, ila limekuja na mizigo: fomu za maombi, bajeti, kibali, ripoti na cheo. Asiye na vitu hivyo huhisi kwamba hana haki ya kuuliza.

Hoja yangu leo ni moja. Mwalimu wa chuo cha kufundishia huona maswali ambayo mtafiti wa chuo kikuu hawezi kuyaona kutoka pale alipo. Maswali hayo yakikosa wa kuyachunguza, hasara ni ya taaluma nzima. Waswahili walisema zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

2.0 Chuo cha Jamii na Mzigo wa Mwalimu Wake

Chuo cha jamii ni asasi ya elimu ya juu ya Marekani inayotoa hasa masomo ya miaka miwili baada ya sekondari. Miongoni mwa vyuo vya umma vya aina hiyo vilivyodumu hadi leo, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza ni cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Jina lenyewe, chuo cha jamii, lilienea baada ya tume iliyoteuliwa na Rais Harry Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947. Leo vipo takriban elfu moja. Kanuni yao ni mlango wazi: hakichagui wanafunzi kwa alama za juu kama vifanyavyo vyuo vikuu vingi. Hapo hukutana muuguzi mtarajiwa, fundi wa magari, mama anayetoka zamu ya usiku, na kijana anayetaka kusoma miaka miwili kwa ada nafuu kabla ya kuhamia chuo kikuu.

Mwalimu wa chuo hicho huajiriwa ili afundishe. Kwa kawaida hubeba kozi tano kila muhula. Tukadirie: akiwa na wanafunzi 25 katika kila darasa, na kila mwanafunzi akaandika insha nne, mwalimu wa uandishi atasahihisha insha 500 kabla ya muhula kwisha. Walimu wengi zaidi ni wa muda. Hufundisha hapa asubuhi na kwingine jioni, na wengine hawana hata meza ya kuwekea karatasi. Mara nyingi kupanda kwao cheo hakutegemei makala waliyochapisha. Basi ni rahisi kusema kwamba utafiti haupo hapo, na wengi wamesema hivyo.

Hata hivyo upo. Walimu wa Kiingereza wa vyuo vya miaka miwili wamekuwa na jarida lao tangu mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 K. Patricia Cross alihimiza kile alichokiita utafiti wa darasani, akashirikiana na Thomas Angelo kuandaa mwongozo wa mbinu ndogo ndogo ambazo mwalimu anaweza kuzitumia kujua wanafunzi wake wamejifunza nini hasa. Mwaka 1990 Ernest Boyer alipendekeza kwamba kazi ya mwanataaluma itazamwe katika sura nne: kugundua maarifa mapya, kuyaunganisha maarifa ya fani mbalimbali, kuyatumia katika maisha, na kuyafundisha. Kwa mtazamo wa Boyer, ufundishaji unaochunguzwa na kuwekwa wazi mbele ya wenzako ni taaluma kamili. Fikra hiyo iliwapa walimu wa vyuo vya jamii lugha ya kujieleza.

Lakini fikra bila mfano ni kama ngoma isiyochezwa. Naomba niwape mfano mmoja.

3.0 Wanafunzi 863

Katika jimbo la Maryland kulikuwa na Chuo cha Jamii cha Essex, ambacho mwaka 1998 kiliunganishwa na vingine viwili vikawa Chuo cha Jamii cha Kaunti ya Baltimore. Hapo alifundisha uandishi mwalimu aitwaye Peter Adams. Kama ilivyokuwa katika vyuo vingi, mwanafunzi mpya alipewa jaribio. Aliyeonekana kuwa dhaifu katika kuandika alipelekwa kwanza kwenye kozi ya matayarisho. Akiifaulu ndipo aliporuhusiwa kuingia katika kozi ya kwanza ya insha ya chuo. Mpango huo ulikuwa na mantiki, na waliofundisha kozi za matayarisho walikuwa watu wenye moyo. Kila muhula waliona wanafunzi wao wakiendelea, wakaridhika.

Adams akauliza swali dogo: je, wanafika? Kompyuta ya chuo ilikuwa na kumbukumbu za wanafunzi. Alichukua wale 863 waliosoma kozi ya juu ya matayarisho katika mwaka wa masomo 1988-89, akafuatilia kilichowapata katika miaka iliyofuata. Asilimia 57 walifaulu kozi ya matayarisho. Miongoni mwa waliokwenda kuisoma kozi ya chuo, asilimia 81 walifaulu. Kila takwimu, ikitazamwa peke yake, haitishi. Ya pili hata inafurahisha. Lakini alipohesabu tangu mwanzo hadi mwisho, waliofaulu kozi ya chuo walikuwa theluthi moja tu ya wale 863.

Wengine walikwenda wapi? Baadhi walishindwa. Lakini zaidi ya robo ya wale waliofaulu kozi ya matayarisho hawakuandikishwa kabisa katika kozi iliyofuata. Hawakushindwa na insha. Walishuka njiani, kama abiria wanaoshuka kituo baada ya kituo: mmoja amebadilishiwa zamu kazini, mwingine mtoto ameugua, wa tatu ameamini kwamba kama chuo kimemweka katika kozi ya matayarisho, basi chuo si mahali pake. Kadiri vituo vinavyokuwa vingi ndivyo nafasi za kushuka zinavyoongezeka. Kozi iliyokusudiwa kuwa daraja ilikuwa imeongeza kituo.

Naomba tulitazame vizuri tukio hili. Adams hakuwa na maabara wala ruzuku kubwa. Alikuwa na orodha ya majina, na alikuwa na swali ambalo mtu wa nje asingeliuliza, kwa kuwa mtu wa nje angesoma takwimu ya kila kozi na kuridhika. Aidha, jibu alilolipata lilikuwa linaihukumu kazi yake mwenyewe na ya wenzake. Alilichapisha mwaka 1993.

Ilichukua miaka 14 kabla ya jibu hilo kuzaa mpango. Mwaka 2007 chuo kilianza utaratibu mpya. Wanafunzi wanane waliopangiwa kozi ya matayarisho waliingizwa moja kwa moja katika kozi ya chuo, pamoja na wenzao 12 waliofaulu jaribio. Kipindi kilipokwisha, wale wanane walibaki na mwalimu yule yule kwa kipindi cha pili, ambapo waliweza kuuliza wasiloelewa, kurekebisha rasimu, na hata kuzungumzia nauli na watoto. Kituo cha kati kiliondolewa, msaada ukabaki. Mwaka 2009 Adams na wenzake watatu walieleza mpango huo katika makala ya pamoja, na vyuo vingi vya Marekani vikauiga. Mwaka 2017 majimbo ya California na Texas yalitunga sheria zilizoelekea upande huo huo wa kupunguza kozi za matayarisho zinazosimama peke yake.

4.0 Nyani Haoni Kundule

Wako watakaosema: huu ni utetezi wa mwalimu kwa mpango wake mwenyewe. Pingamizi hilo ni la haki, na sitalikwepa. Wanafunzi walioingia katika mpango mpya walijitolea. Huenda walikuwa na ari kuliko wenzao, na ari hiyo ndiyo iliyowafaulisha. Mwalimu aliyebuni mpango ana sababu ya kuupenda. Nyani haoni kundule.

Hapa ndipo chuo kikuu kilipoingia. Kituo cha Utafiti wa Vyuo vya Jamii, kilichopo Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilichunguza mpango wa Baltimore na kutoa ripoti mwaka 2010, kisha nyingine mwaka 2012 iliyotumia data nyingi zaidi. Watafiti wake walilinganisha wanafunzi wa mpango na wengine waliofanana nao kwa umri, kwa alama za jaribio na kwa hali nyingine, ili kupunguza athari ya kujitolea. Waligundua kwamba wanafunzi wa mpango waliwazidi wenzao katika kufaulu kozi ya kwanza ya chuo, na hata katika kufaulu kozi ya pili. Dai la mwalimu lilisimama.

Lakini ripoti ya mwaka 2012 iliona na jambo ambalo waliobuni mpango hawakuwa wamelitafuta. Wale wengine waliokaa darasa moja na wanafunzi wa mpango, yaani waliofaulu jaribio, walifanya vizuri sawa na wenzao katika kozi hiyo, ila baadaye walipungua kidogo katika kujiandikisha na kukamilisha kozi za mbele. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo, na ni jicho la nje lililoiona.

Nadhani huu ndio mgawanyo wa kazi unaofaa. Aliye ndani huuliza, kwa sababu ndiye anayelalia kitanda. Aliye nje hupima, kwa sababu hana kitanda cha kutetea. Chuo kikuu kikidharau swali la ndani, kitapima kwa ustadi mambo yasiyo na maana. Mwalimu naye akikataa kipimo cha nje, atajenga imani aiite maarifa. Hakuna kati yao aliye mtumishi wa mwenzake.

5.0 Kiswahili Kinahusikaje?

Mtaniuliza: haya ya Maryland yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Katika miaka ya 2010 na baada yake, Marekani imepokea wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi miongoni mwao huzungumza Kiswahili. Vyuo vya jamii ni mojawapo ya mahali ambapo watu kama hao hujifunzia Kiingereza. Mwalimu wa huko anaweza kuona mwanafunzi mwenye akili timamu, anayefuata somo barabara, akimwita dada yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, akasahihishwa leo na kesho akarudia. Mtu yeyote katika ukumbi huu anajua chanzo. Kiswahili kina yeye mmoja tu, na kiambishi a- katika anakuja hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Lugha zetu nyingi za Kibantu ziko hivyo pia. Mwalimu wa Marekani analiona kosa asijue chanzo. Mtaalamu wa Kiswahili anakijua chanzo asilione kosa. Utafiti unaowakutanisha wawili hawa ungeweza kuanza kesho, kwa daftari moja.

Njia ya pili iko hapa nyumbani. Sisi pia tunavyo vyuo vya kufundishia. Tunavyo vyuo vya ualimu. Tanzania ina Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden; hao ndio jamaa wa karibu wa vyuo vya jamii. Wengi wenu wanafunzi mtafanya kazi katika vyuo vya namna hii. Na hapa naomba niseme jambo langu binafsi.

Kabla sijaingia chuo kikuu nilifundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sitakitaja. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikinakili makosa ya insha za wanachuo katika madaftari, si kwa amri ya mtu, bali kwa sababu kosa moja lilinisumbua. Waliandika: “mwanafunzi ambaye aliyefaulu”. Sarufi inadai uchague: ama “ambaye alifaulu”, ama “aliyefaulu”. Nilikuwa nalipiga msitari mwekundu na kupita. Siku moja nikaanza kuandika pembeni nani amelikosea na katika insha ya aina gani. Ikanijia dhana kwamba waliolikosea hawakuwa wale dhaifu. Walikuwa wale waliojitahidi kuandika kwa heshima. Kwenye barua kwa rafiki waliandika “aliyefaulu” bila tatizo. Kwenye insha ya mtihani waliona “aliyefaulu” ni ya mitaani mno, wakaitanguliza “ambaye” kama mtu anayevaa koti juu ya kanzu. Kosa lilikuwa dalili ya juhudi, na mimi nilikuwa nikiiadhibu juhudi hiyo.

Nilipopeleka madaftari kwa wakubwa wangu nikiomba nafasi ya kuendelea, niliambiwa kwa upole kwamba kazi yangu ni kufundisha, utafiti una wenyewe. Nikayarudisha kabatini. Niliporejea kutoka likizo ofisi ilikuwa imepakwa rangi, kabati limehamishwa, na madaftari yametupwa pamoja na karatasi za zamani. Sikumlaumu mtu. Aliyeyatupa aliona karatasi, na mimi mwenyewe nilikuwa bado sijathubutu kuyaita utafiti.

Kwa hiyo leo siwezi kuwathibitishia dhana yangu. Naweza kuwasimulia tu, na masimulizi hayatoshi katika taaluma. Mina Shaughnessy, aliyefundisha New York katika chuo kilichofungua milango yake kwa wote mwaka 1970, alisoma insha kama 4,000 za wanafunzi walioitwa dhaifu, na katika kitabu chake cha mwaka 1977 akaonyesha kwamba makosa yao yalikuwa na mantiki. Kitabu hicho kimesomwa na vizazi vya walimu. Tofauti kati yake na mimi haikuwa swali. Yeye alizitunza karatasi.

6.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nitahitimisha kwa mapendekezo matatu.

Kwanza, vyuo vyetu vitunze kazi za wanafunzi. Insha zilizosahihishwa, zikiondolewa majina na kutunzwa kwa ridhaa ya walioziandika, ni hazina ya data ya Kiswahili kinachoandikwa hasa, ambayo hakuna kamusi itakayotupa. Hazihitaji mashine, zinahitaji rafu isiyovuja na mtu wa kuandika tarehe.

Pili, majarida yetu yatenge kurasa kwa ajili ya taarifa fupi za walimu wa vyuo: swali moja, kundi moja la wanafunzi, jambo moja lililoonekana. Mhariri asidai nadharia ndefu pale ambapo hesabu safi inatosha. Hali kadhalika asisamehe hesabu mbovu kwa kumwonea mwalimu huruma, kwani huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa nguo nzuri.

Tatu, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziwaendee walimu hao kama washirika wa kupima. Mara nyingi tunakwenda kwao kuwagawia hojaji, tukakusanya majibu na kuondoka. Siku moja tuwaulize: nyinyi mnataka kujua nini?

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Mtakapofika kazini mtapewa vipindi vingi na chaki chache. Mtachoka. Ipo siku mtaona kosa lile lile kwa mara ya arobaini na mkono utakwenda kwenye kalamu nyekundu. Siku hiyo, kabla ya kupiga msitari, andikeni pembeni: nani, lini, katika insha gani. Kisha daftari hilo msilitie katika kabati la ofisi. Nendeni nalo nyumbani.